Kazi ya Serikali ni Haki ya Raia, si Fadhila ya Mkubwa

(Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei)



Mada hii ilipopangwa, wapo waliouliza Tume ya Haki na Amani inahusika vipi na barua za kuomba kazi. Walisema hayo ni mambo ya vijana na kompyuta zao, Kanisa lina mengine ya kushughulikia. Swali lao ni halali. Lakini kila mwenye kuongoza jumuiya anajua ni mara ngapi katika mwaka mlango wake hubishwa hodi na mzazi mwenye bahasha ya vyeti mkononi, naye haombi sala tu. Anauliza: “Je, kuna mtu wetu pale?” Swali hilo fupi limebeba jambo zima la haki tunalotaka kulizungumza leo.

Tuanze na sheria ya nchi, maana wengi wetu tunaishi chini ya Katiba tusiyoisoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inatamka kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi, na kwamba kila raia anastahili fursa iliyo sawa na ya mwenzake katika kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Haikusemwa humo kwamba serikali lazima impe kila raia kazi. Kilichosemwa ni kwamba pale penye nafasi, mlango uwe mmoja kwa wote. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam wapite mlango ule ule, wapimwe kwa kipimo kile kile.

Kanisa nalo limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alieleza kwamba mfanyakazi ana waajiri wa aina mbili: yule anayemlipa mshahara, na yule mwajiri asiyeonekana moja kwa moja, yaani dola, sheria na taratibu zote zinazoamua nani apate kazi na kwa masharti gani. Huyu wa pili naye anawajibika mbele ya Mungu. Nami nathubutu kuongeza kwamba sisi wenyewe, kwa desturi tunazozilea, tumo ndani ya huyo mwajiri wa pili.

Wazee waliomo humu wanakumbuka zama ambazo kijana alimaliza chuo akakuta tayari amepangiwa kituo. Ualimu, uuguzi, ubwana shamba: serikali ilikusomesha, serikali ikakuchukua. Utaratibu huo ulififia katika miaka ya tisini, wakati wa mageuzi ya uchumi na ya utumishi serikalini, ambapo wafanyakazi wengi walipunguzwa na nafasi mpya zikawa chache. Hapo ndipo kuomba kazi kulipogeuka kuwa shindano, na kila penye shindano la wengi kwa kichache, vimemo huota kama magugu baada ya mvua. Tume ya Jaji Warioba, iliyomkabidhi Rais Mkapa ripoti yake mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ya mtumishi mdogo asiyetoshelezwa na mshahara wake na rushwa ya wakubwa inayotokana na uroho. Sisi wananchi tulipenda kuzungumzia ile ya pili. Ile ya kwanza tulikuwa tunaishiriki.

Kwa sababu hiyo sheria ilibadilishwa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, ndiyo iliyozaa chombo kiitwacho Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chini ya Ofisi ya Rais, ambacho makao yake sasa yako Dodoma. Kazi yake ni kutangaza nafasi kwa niaba ya wizara, wakala, taasisi na halmashauri, kupokea maombi, kuendesha usaili na kuwapangia vituo waliofaulu. Shabaha ilikuwa kumwondoa mwajiri kwenye kishawishi cha kumwajiri mpwa wake. Siku hizi maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao wa intaneti, katika mfumo uitwao Ajira Portal. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi maombi yao yalishughulikiwa na TAMISEMI na kupangwa vituo bila mahojiano, tangu mwaka 2024 nao wamekuwa wakiitwa kwenye usaili.

Sasa, ndugu zangu, naomba tulitazame tangazo la kazi lenyewe, maana nimegundua kwamba vijana wetu wengi huanguka kabla hata ya kuonwa na mtu yeyote, kisha nyumbani tunasema “wamependeleana”. Upendeleo upo, nami nitaufikia. Lakini si kila anguko ni upendeleo.

Tangazo hutaka mwombaji awe raia wa Tanzania, na kwa kawaida awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Huyo barua yake ipitie kwa mwajiri wake. Linataka barua ya maombi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti, nayo iwe na saini. Jambo la saini laonekana dogo mno hata naona aibu kulitaja mbele ya watu wazima. Hata hivyo barua isiyo na saini ni karatasi tu. Linataka maelezo binafsi yenye anwani na namba ya simu inayopatikana, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Linataka cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya masomo zilizothibitishwa na wakili au mwanasheria. Hati za matokeo, matokeo ya muda na barua za chuo zisemazo kwamba fulani amemaliza, hazipokelewi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi apeleke kwanza vyeti vyake kwa mamlaka zinazohusika hapa nchini, Baraza la Mitihani kwa vyeti vya sekondari na Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada, ili vitambuliwe. Muda wa kuomba huwa mara nyingi wiki mbili. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku tangazo linapotoka, amekwisha kuchelewa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu lipo jambo linalotuhusu sisi watu wa parokia kuliko wengine. Nalo ni majina. Chukueni mfano wa binti mmoja wa kufikirika. Nyumbani anaitwa Tumaini. Siku ya ubatizo aliandikwa Maria Goreti. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika Goreth, kwa “th”, na jina la babu badala ya la baba. Cheti cha kidato cha nne kikafuata shule, cheti cha kuzaliwa kikafuata ubatizo, na kitambulisho cha taifa kikafuata kile alichokisema yeye mwenyewe siku ya kuandikishwa. Binti huyu ni mmoja, lakini mbele ya msimamizi wa usaili ni watu watatu. Matangazo ya usaili husema waziwazi kwamba ambaye majina yake yanatofautiana awe amefuata taratibu za kisheria za kubadili jina, na hati hiyo iwe imesajiliwa. Kiapo cha mahakamani alichokichukua asubuhi ya safari mara nyingi hakimtoshi. Hati inayotakiwa huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hilo huchukua siku na fedha.

Basi nawaomba makatekista, mnapoandikisha watoto wa ubatizo, muulize cheti cha kuzaliwa, na jina lililomo mlinakili herufi kwa herufi, halafu ndipo muongeze jina la mtakatifu. Na kwa wale wasio na cheti cha kuzaliwa kabisa, ambao vijijini bado ni wengi, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyosaidia mtu mzima kuandikishwa na RITA kwa kuchelewa. Daftari la ubatizo la parokia, lile linaloliwa na mchwa kabatini, ni chombo cha haki. Lifunikwe vizuri.

Jambo la pili la kiutendaji ni hili la steshenari. Kijana asiye na kompyuta huenda kwa mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, akamwachia vyeti, akamwachia namba ya kitambulisho cha taifa, akamwambia “nifungulie”. Mwenye duka humfungulia akaunti kwa anwani ya barua pepe ya duka na kwa neno la siri analolijua yeye. Miezi mitatu baadaye kijana anataka kujua kama ameitwa, na duka limehama. Akaunti ya mwombaji ni kama ufunguo wa nyumba yake. Aisajili kwa anwani yake mwenyewe, neno la siri aliandike mahali penye usalama, na mahali anapoishi sasa apaonyeshe sawasawa, kwa kuwa kwa kada kadhaa usaili wa kwanza hufanyika mikoani na mwombaji hupangiwa mkoa kwa kufuata anwani aliyoijaza.

Usaili wenyewe huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika. Wanaovuka huitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na kazi nyingine, kama udereva, zina mtihani wa vitendo. Msailiwa aje na vyeti halisi, si nakala, na kitambulisho chake. Nauli, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe. Ambaye jina lake halikutoka anaruhusiwa kuomba tena nafasi nyingine zitakapotangazwa. Kukataliwa mara moja hakumfungii mlango.

Nilisema nitaufikia upendeleo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mama wa wana wa Zebedayo anamjia Bwana akiwa na wanawe, anapiga magoti, anaomba mmoja aketi kuume na mwingine kushoto katika ufalme. Mimi humwona mama huyu kama mama yeyote wa WAWATA: hana ubaya, anawapenda watoto wake, na anamfahamu mkubwa. Yesu hamkemei kwa ukali. Anawauliza vijana kama wanaviweza vinavyoendana na nafasi hiyo, kisha anasema kuwapa watu nafasi hizo si kwake. Na wale kumi wengine waliposikia, walikasirika. Mwinjili hakuona haya kuliandika hilo. Kimemo hata kikiandikwa kwa upendo huzaa hasira kwa kumi waliobaki nyuma.

Linganisheni na Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, pale nafasi ya Yuda inapokuwa wazi. Petro anasimama mbele ya watu wapatao mia na ishirini. Kabla jina lolote halijatajwa, anataja sifa: awe mtu aliyefuatana nasi muda wote, tangu ubatizo wa Yohane. Ndipo yanaletwa majina mawili, Yosefu aitwaye Barsaba na Mathia. Wanasali, wanapiga kura, anapatikana Mathia. Sifa zilitangulia majina. Kwetu mara nyingi jina hutangulia, kisha sifa zinatafutwa zinazolifaa jina.

Sasa tuseme wazi kuhusu barua ambazo Baba Paroko huombwa. Ziko za aina mbili, na tofauti yake tuijue sote. Ya kwanza ni ya mdhamini. Mwajiri mwenyewe ameitaka. Jina la mdhamini limo ndani ya faili, kila mjumbe wa usaili analiona, na anayedhamini anaulizwa anamfahamu mtu huyu kwa muda gani na tabia yake ikoje. Paroko, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kijiji wanaweza kuwa wadhamini wema, ilimradi waandike wanachokijua. Ya pili ni kimemo. Hakuna aliyekitaka, hakimo katika faili, husafiri mfukoni na huchomwa baada ya kusomwa. Hakisemi lolote juu ya uwezo wa kijana. Kinasema tu ni mtoto wa nani, au wa dhehebu gani. Maoni yangu ni kwamba barua ya pili isitoke katika ofisi yoyote ya parokia, hata kwa yatima, hata kwa mtoto wa katekista aliyetumikia miaka arobaini. Najua neno hili ni gumu, na najua wapo watakaosema kwamba wengine wanabebana, kwa nini sisi tu ndio tusibebane. Lakini kila nafasi tunayoipata kwa kubebana tumemnyang'anya mtu tusiyemjua, na huyo naye ana mama.

Kuhusu fedha sina mengi. Sekretarieti haitozi ada kwa maombi wala kwa usaili. Yeyote anayedai “ya kuwapooza wakubwa” ama ni mla rushwa ama ni tapeli, na mara nyingi ni tapeli, kwa kuwa mtu mwenye nafasi ya kweli ya kuuza hamtafuti mteja kijiweni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji.

Kuhusu mabinti zetu nina mengi zaidi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 25, imeitaja kwa jina lake rushwa ya ngono: mwenye mamlaka anayedai mwili wa mtu kama sharti la kumpa ajira, cheo au haki nyingine anatenda kosa la jinai. Wazazi wengi hawajui kwamba kifungu hicho kipo. Na binti aliyekutwa na jambo hili mara nyingi hurudi nyumbani akakaa kimya, kwa kuwa anajua swali la kwanza atakaloulizwa: “Ulikwenda kufanya nini ofisini kwake jioni?” Viongozi wa jumuiya, swali hilo tuliache. Binti asikilizwe na mama mmoja anayemwamini, ahifadhi ujumbe aliotumiwa, na taarifa ipelekwe TAKUKURU katika ofisi ya wilaya au kwa simu namba 113, ambayo haitozwi malipo.

Lipo pia suala la vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyoonyesha kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wameuguza wagonjwa na kufundisha watoto kwa miaka mingi. Wengine walikuwa wametumia cheti cha kaka au dada aliyefaulu, jambo ambalo katika familia zetu lilionekana kama kuazimana koti. Waliondoka bila mafao, na ni mwaka 2022 tu ndipo serikali ilipokubali kuwarudishia michango yao wenyewe waliyokatwa katika mishahara. Waliokuwa katika vyeo vya kisiasa hawakuguswa na uhakiki ule, na wananchi waliolalamikia hilo walikuwa na hoja. Hoja hiyo hata hivyo haimhalalishi aliyeghushi. Kijana akikuambia ana cheti cha ndugu yake, mwambie habari ya mwaka 2017 yote, pamoja na umri waliokuwa nao wale watu walipoanza maisha upya.

Neno fupi kwa ajili ya ndugu zetu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na matangazo ya kazi huwahimiza waombe. Katika jumuiya zetu huwa tunawakumbuka wakati wa matoleo. Tuwakumbuke tangazo linapotoka.

Mtauliza: ikiwa paroko haandiki vimemo, Kanisa linamsaidiaje kijana maskini? Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kijana wa Mbinga anayeitwa kwenye usaili Dodoma anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala usiku mbili au tatu, na mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda Chuo Kikuu. Wengi waliofaulu mchujo hushindwa kufika kwa sababu hiyo tu. Msaada wa namna hii haumsukumi mtu yeyote nje ya foleni. Unamfikisha mtu wetu kwenye foleni ili naye apimwe. Napendekeza kila jumuiya iwe na mfuko mdogo wa nauli ya usaili, uwe mkopo usio na riba, urudishwe na aliyepata kazi na usamehewe kwa aliyekosa. Parokia iandike kwa parokia za Dodoma kuuliza ni familia zipi zinaweza kumlaza mgeni. Ubao wa matangazo hapa kanisani uwe na sehemu ya nafasi za kazi, na mmoja wa VIWAWA aibadilishe kila Jumamosi, aondoe yaliyopitwa na wakati, kwa maana tangazo lililokwisha muda ni ghiliba ya aina yake. Msaada huo utolewe bila kuuliza dini. Kijana Mwislamu au Mlutheri wa kijijini mwetu akija kusoma ubao, asogezewe kiti.

Yako maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi, nayo nitayajibu baada ya chai. Moja tu nalijibu sasa, kwa kuwa halikutiwa jina na mwenye nalo huenda asibaki. Anasema amekwisha kutuma fedha kwa mtu aliyemwahidi mwanawe kazi ya utendaji wa kijiji, na sasa simu ya mtu huyo haipokelewi. Ndugu, usitume nyingine, hata akipiga na kusema imebaki kidogo. Usifute ujumbe wa kutuma fedha uliomo kwenye simu yako. Nafasi ya utendaji wa kijiji hutangazwa hadharani, nayo inataka aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na kupata cheti katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au kingine kinachotambuliwa. Mwanao akiwa nacho, aombe tangazo litakapotoka, kwa njia ya wazi. Kuhusu fedha zako, katibu wa Tume atakusindikiza polisi Jumatatu asubuhi. Atakuwa nje, chini ya mwembe, wakati wa chai.